Insha ya Usawa na Utambulisho wa Taifa: Mipango Minne ya Kulinganisha Kabla ya Kuandika

Swali la kujadili uhusiano wa usawa na utambulisho wa taifa linaweza kukufikia katika kozi ya historia, ya sayansi ya siasa, ya falsafa au ya masomo ya maendeleo, na mwanafunzi anayesoma Arusha au Moshi hawezi kulalamika kwamba limetoka mbali. Azimio la Arusha, tamko la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari, na makumbusho yake yako Kaloleni, karibu na mnara wa Mwenge. Ukipanda basi kwenda Moshi, kilomita zipatazo 80, unafika katika mji ambao chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Habari zipo tele, na kinachowakwamisha wengi ni namna ya kuzipanga.

Katika rasimu ambazo wanafunzi wameniletea nizisome, nimekuta kasoro moja ikijirudia kuliko nyingine zote, nayo imejificha katika neno dogo "na". Swali linauliza kuhusu usawa na utambulisho wa taifa. Mwanafunzi anaandika insha mbili na kuzifunga kwa pini moja. Nusu ya kwanza inaeleza Ujamaa, vijiji na utaifishaji, nusu ya pili inaeleza makabila, Kiswahili, bendera na wimbo wa taifa, na hakuna aya hata moja inayosema usawa uliufanyia nini utaifa, au utaifa uliufanyia nini usawa. Majibu yanayowezekana ni mengi. Huenda usawa ndio uliowafanya watu wajione taifa moja. Huenda hisia za utaifa zilitangulia, na ndizo zilizowafanya watu wakubali kugawana. Huenda lugha ya usawa ilifunika tofauti ambazo hazikuondoka, au ililijenga taifa huku ikiwaumiza baadhi ya wananchi. Mpango utakaouchagua ndio utakaoamua ni jibu lipi kati ya haya litapata nafasi ya kupimwa, na kwa sababu hiyo nafikiri uchaguzi wa mpango unastahili siku mbili tatu za kutafakari kabla hujaandika utangulizi.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima mipango minne kwa mambo manne yale yale. La kwanza ni kile ambacho mpango unakuruhusu kuonyesha kuhusu ile "na". La pili ni vyanzo, yaani maandiko na ushahidi unaoweza kuupata ukiwa Arusha au Moshi, katika muhula wenye kozi nyingine tano au sita zinazokudai. La tatu ni hatari, mahali ambapo mpango humtelezesha mwandishi. La nne ni aina ya mwandishi na aina ya swali linalofaa. Nachukulia insha ya maneno 3,000 hivi. Ikiwa yako ni ya maneno 1,500, punguza mifano na uache idadi ya hoja ilivyo.

Kuna kazi moja inayotangulia mipango yote, nayo ni kuyatenganisha maneno. "Usawa" unaweza kuwa usawa wa hadhi, kwamba kila mtu anastahili heshima. Usawa mbele ya sheria. Usawa wa fursa, kwa mfano nafasi za shule. Au usawa wa mali na kipato. Imani ya TANU, inayofungua Azimio, inaanza na usawa wa binadamu wote, na hapo tunazungumzia hadhi. Masharti ya uongozi yaliyo mwishoni mwa Azimio hilo hilo, yanayomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba ya kupangisha, yanahusu mali. Aina hizi hazipatani wakati wote. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 haikutaja rangi ya mtu yeyote, lakini waliopoteza majengo wengi wao walikuwa wananchi na wakazi wenye asili ya Asia, na wengi wakaondoka nchini. Kwa kipimo cha mali, hiyo ilikuwa hatua kuelekea usawa. Kwa kipimo cha kujiona raia kamili miongoni mwa raia wengine, waliohusika waliihisi kinyume. Mwandishi ambaye hajaamua anazungumzia usawa upi atajikuta anasema mambo mawili yanayopingana katika aya moja bila kutambua.

Upande wa pili pia una maneno yake. Uraia ni hali ya kisheria, utaifa ni hisia na madai ya kuwa watu wamoja, uzalendo ni mapenzi na wajibu kwa nchi, na utambulisho ni jibu la mtu anapoulizwa "wewe ni nani?". Ikiwa chuo chako kinataka insha kwa Kiingereza, nakushauri uyaache maneno kama ujamaa, ndugu, heshima na utu katika Kiswahili chake na kuyafafanua mara moja tu, kwa sababu tafsiri yake ya neno moja hupoteza nusu ya hoja.

Mpango wa kwanza: kufuata wakati

Unachoweza kuonyesha. Mpango huu unaonyesha mabadiliko, na kwa mada hii mabadiliko ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia, na baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa katakata na kuweka wazi kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Hapo usawa ulimaanisha kwamba rangi haiwi sharti la kuwa Mtanganyika. Mwaka 1963 sheria ikafuta utawala wa machifu, na usawa ukamaanisha kwamba hakuna anayezaliwa mtawala. Mwaka 1967 ukahamia kwenye mali. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likayalegeza masharti ya uongozi, viongozi wakaruhusiwa hisa na nyumba za kupangisha. Hata hivyo ibara ya 9 ya Katiba ya 1977 bado inasema lengo lake ni kujenga taifa la watu huru na sawa kwa kufuata siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Kwa nini maneno yakabaki baada ya masharti kuondoka? Swali hilo linaweza kuibeba insha nzima, nalo huonekana vizuri zaidi kwa anayefuata wakati.

Vyanzo. Ni rahisi kupatikana: matini ya Azimio, hotuba za Nyerere, Katiba, kumbukumbu rasmi za Bunge, na vitabu vya historia vilivyomo katika maktaba nyingi za vyuo vyetu.

Hatari. Insha inageuka kuwa kalenda. Tarehe zinafuatana, kila aya inaanza na "mwaka huo", na msomaji anafika mwisho akijua kilichotokea bila kujua kilimaanisha nini. Dawa yake ni kugawa kipindi kwa maana badala ya miaka: usawa wa uraia, usawa wa hadhi, usawa wa mali, kisha kipindi cha kulegea. Kila sehemu ifungwe kwa kujibu kama Mtanzania wa wakati huo alipata sababu mpya ya kujiona mwenzake wa Mtanzania mwingine.

Unamfaa nani. Mwanafunzi wa historia, na yeyote ambaye swali lake linaanza na "eleza jinsi" au "fuatilia".

Mpango wa pili: kuongozwa na dhana

Unachoweza kuonyesha. Hapa unaanza na mgogoro wa kifikra na kuitumia Tanzania kama mfano wa kuupima. Mgogoro wenyewe ni huu: anayeamini kwamba binadamu wote ni sawa, kwa nini usawa wake ukomee mpakani, Namanga au Holili? Mwanachama wa TANU aliahidi kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja. Ahadi hiyo ni pana kuliko taifa lolote. Lakini hazina iliyolipia shule na zahanati ilikuwa ya nchi moja, na ilihudumia kwanza watu wa nchi hiyo. Mwanafalsafa David Miller ametetea kwa muda mrefu wazo kwamba utambulisho wa pamoja wa kitaifa huleta kuaminiana, na kwamba bila kuaminiana watu hawakubali kutozwa ili wengine wasaidiwe. Elizabeth Anderson, katika makala yake ya mwaka 1999, alihoji kwamba kiini cha usawa ni watu kuishi bila kudharauliana na kukandamizana, kuliko kupimiana mafungu sawa. Ukiziweka fikra hizi mbili mbele ya Imani ya TANU, unaona jambo lenye uzito: heshima na udugu vilikuwa vimekwishaandikwa hapa kama msingi wa taifa, kwa lugha ya watu wenyewe, zaidi ya miaka 30 kabla ya makala hiyo. Usimchanganye Anderson huyu na Benedict Anderson, aliyeandika mwaka 1983 kuhusu taifa kuwa jumuiya ambayo watu huifikiria pamoja ingawa hawatakutana. Nimeona majina hayo mawili yakigeuzwa mtu mmoja mara nyingi kiasi cha kunifanya nitoe onyo.

Mfano mzuri wa kuupima mgogoro ni uamuzi wa Tanzania kuwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi walioingia nchini mwaka 1972 na watoto wao. Je, ule ulikuwa usawa wa binadamu uliovuka utaifa, au utaifa uliopanuka ukawaingiza waliokuwa nje?

Vyanzo. Makala za falsafa zinahitaji intaneti na akaunti ya maktaba ya chuo, na kuzisoma kunahitaji muda, kwa sababu kurasa kumi zake zinalemea kuliko hamsini za historia.

Hatari. Dhana zinammeza mwandishi. Anafika ukurasa wa nane akiwa bado anafafanua nani alisema nini kuhusu usawa, na Tanzania inapata aya mbili za mwisho kama mgeni aliyechelewa harusini. Weka kikomo: theluthi moja ya insha kwa dhana, na kila dhana ifuatwe mara moja na tukio linaloijaribu.

Unamfaa nani. Anayesoma falsafa au nadharia ya siasa, na anayefurahia kubishana na wazo. Swali lenye neno "tathmini" hulipa kwa mpango huu.

Mpango wa tatu: kulinganisha nchi mbili

Unachoweza kuonyesha. Ulinganisho ndio unaokaribia zaidi kupima sababu. Ukisema usawa uliunganisha Watanzania, msomaji makini atauliza utajuaje kama haikuwa lugha, au wingi wa makabila madogo yasiyoweza kutawala mengine, au uongozi wa mtu mmoja. Nchi ya pili inakusaidia kumjibu.

Kenya ni chaguo la kwanza la wengi, na lina sababu. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa waraka wa kikao namba 10, nao ulizungumzia ujamaa wa Kiafrika, lakini ulijenga njia iliyoacha nafasi kubwa kwa mali ya binafsi na kwa uwekezaji katika maeneo yaliyoonekana kuwa na tija zaidi. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Aligundua kwamba upande wa Kenya maeneo yenye mchanganyiko mkubwa wa makabila yalichangia shule kidogo zaidi, ilhali Meatu tofauti hiyo haikuonekana, naye akaihusisha na siasa za kujenga taifa. Ni ushahidi mzuri, lakini usiumeze mzima. Siasa hizo zilijumuisha Kiswahili, mtaala wa shule na mgawanyo wa fedha kwa pamoja, na kuutenga usawa peke yake ni kazi inayobaki mikononi mwako. Ongeza pia kwamba ardhi ya walowezi iliiachia Kenya mzigo ambao Tanganyika iliuonja kwa kiasi kidogo zaidi.

Chaguo ambalo wanafunzi hawalifikirii ni Sweden, na mimi nalipenda zaidi. Mwaka 1928 Per Albin Hansson alieleza mbele ya bunge la nchi hiyo kwamba taifa linapaswa kuwa kama nyumba njema, isiyo na mtoto anayedekezwa wala mtoto wa kambo. Mwaka 1962 Nyerere alichagua neno ujamaa, lililotokana na jamaa. Nchi mbili zilizo mbali kwa kila namna zikaazima picha moja, ya ukoo na nyumba, ili kuyafunga pamoja mambo mawili tunayoyajadili: ndani ya nyumba watu ni sawa kwa sababu ni wa nyumba moja. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio, Bror Rexed alipochukua uongozi wa idara ya afya ya Sweden aliwatangazia watumishi kwamba atamwita kila mmoja kwa kiwakilishi cha kawaida cha "wewe" badala ya vyeo, na desturi hiyo ikaenea nchi nzima. Kwetu neno Ndugu likawa anwani ya kiongozi na ya mkulima. Sasa fuatilia yaliyofuata: Sweden wanaitana "wewe" mpaka leo, ilhali bungeni kwetu Mheshimiwa amerudi kukaa kitini. Kulinganisha anwani hizi mbili kungeweza kukupa insha ambayo mhadhiri hajaisoma kabla. Na nyumba ina mlango: Sweden hiyo hiyo ilikuwa na sheria za kuwafunga uzazi watu waliohesabiwa kuwa na kasoro, za 1934 na 1941, zilizodumu hadi miaka ya 1970. Picha ya familia inaunganisha, lakini pia inaamua nani si wa familia, na jambo hilo ulitafute pia nyumbani.

Vyanzo. Kwa Kenya vinapatikana bila shida. Kwa Sweden utategemea maandiko ya Kiingereza, nayo yapo ya kutosha kwa insha, ingawa hayatoshi kwa tasnifu.

Hatari. Kuandika nchi ya kwanza kurasa tano, ya pili kurasa tano, na ulinganisho nusu ukurasa. Hilo ni lile tatizo la pini moja likiwa limevaa nguo nyingine. Panga kwa vigezo, si kwa nchi: lugha ya anwani, elimu, ardhi, na katika kila kimoja nchi zote mbili zizungumze.

Unamfaa nani. Mwenye muda wa wiki nne au zaidi, na mwenye swali linalouliza "kwa kiasi gani" au "kwa nini".

Mpango wa nne: kuchimba mahali pamoja

Unachoweza kuonyesha. Mpango huu unaangalia jinsi usawa na utaifa vilivyokutana katika wilaya moja, kijiji kimoja au chama kimoja, na kwa mwanafunzi wa huku Kaskazini ni utajiri ambao wenzetu wa mbali hawana. Nitaukalia kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu unaachwa mno.

Chukua Kilimanjaro. Historia ya shuleni husema taifa lilileta usawa likawakuta watu walio chini ya machifu. Lakini Wachagga walikuwa wamempata Mangi Mkuu wao, Thomas Marealle, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960, kabla ya Uhuru, kura yao wenyewe ikachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya mangi mkuu wa maisha. Sheria ya taifa ya 1963 ilikuta mlango umekwisha kufunguliwa kutoka ndani. Je, usawa ulishuka kutoka Dar es Salaam, au ulipanda kutoka mashambani? Angalia pia KNCU, ushirika uliowapa wakulima nguvu katika soko la kahawa na fahari ya kwao. Serikali iliyosema inajenga ujamaa ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote mwaka 1976, na sheria ya 1982 ikaruhusu virudi. Mkulima wa Machame au Rombo aliyekuwa na chombo chake cha usawa alikipoteza kwa jina la usawa wa taifa.

Kisha kuna shule. Misheni na fedha za kahawa ziliipa Kilimanjaro shule nyingi kuliko mikoa mingi, na serikali ikaweka mgawo wa nafasi za sekondari kwa mikoa ili watoto wa kwingine nao wapate. Kwa taifa zima, mgawo ule ulikuwa haki. Kwa mtoto wa Marangu aliyefaulu na kukosa nafasi, ulikuwa kitu kingine, na wazazi wengi waliitikia kwa kuchanga na kujenga sekondari zao. Kisa hiki kina kila kitu swali linachotaka: usawa wa fursa, gharama ya kuwa taifa moja, na watu walioikubali gharama hiyo nusu kwa moyo na nusu kwa kujenga njia ya pembeni. Sijui mfano bora zaidi nchini.

Arusha nayo ina yake. Mwaka 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kudai haki yao. TANU ilikuwa haijazaliwa. Ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Dai la usawa la watu wa kabila moja likawa somo la nchi nzima kabla nchi haijawa na chama chake. Kwa upande mwingine, mwishoni mwa miaka ya 1960 viongozi wa mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache rubega na kuvaa kama wengine, kwa hoja kwamba taifa linaloendelea haliwezi kuwaacha baadhi ya watu wake nyuma. Hapo usawa uligeuka kufanana, na tofauti kati ya "mwenye haki sawa na mimi" na "anayevaa sawa na mimi" ndiyo kiini cha mjadala wote wa utambulisho.

Vyanzo. Makumbusho ya Azimio, maktaba ya mkoa, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, ni mahali pa kuanzia. Kuna pia wazee. Ukitaka kuwahoji, pata barua ya utambulisho kutoka chuoni, pita ofisi ya kijiji au mtaa, mpe mzee shikamoo yake na muda wake, mweleze maneno yake yatatumika wapi, na uombe ruhusa kabla ya kurekodi. Mtu anayesimulia jinsi alivyokosa sekondari mwaka 1976 anakupa kitu chenye thamani, na hastahili kugeuzwa nukuu ya kupamba ukurasa.

Hatari. Ya kwanza ni kuuona mkoa wako kuwa ndiyo Tanzania. Ya pili ni ngumu zaidi: kuandika kama wakili wa kwenu. Mjukuu wa aliyekosa nafasi anaweza kusahau kwamba upande wa pili wa mgawo kulikuwa na binti wa Lindi au Kigoma aliyeingia darasani kwa sababu yake. Mpe naye aya yake. Ya tatu ni muda, kwani mahojiano huahirishwa kwa misiba, mvua na msimu wa kahawa.

Unamfaa nani. Anayeijua lugha na njia za mahali anapopaandikia, mwenye mhadhiri anayekubali ushahidi wa mdomo, na anayefikiria kuiendeleza kazi hii kuwa utafiti wa mwaka wa mwisho.

Uchague kwa hali yako

Ikiwa umebakiwa na siku kumi, chukua mpango wa wakati uliogawanywa kwa maana, kwa kuwa vyanzo vyake viko karibu na kosa lake linarekebishika hata usiku wa mwisho. Ikiwa mhadhiri wako husahihisha kwa ukali juu ya uwazi wa dhana, nenda na wa pili, lakini anza na tukio la muswada wa uraia wa 1961 badala ya kuanza na fasili. Ikiwa swali linasema "kwa kiasi gani", mpango wa nchi mbili unakupa silaha ambayo mingine haina, mradi ukubali kusoma mara mbili. Ikiwa unaishi Moshi, Arumeru au Monduli, na kuna mzee nyumbani ambaye hadithi yake hujaiuliza, na mwezi mzima uko mbele yako, mpango wa nne utakupa kazi ambayo hakuna mwanafunzi mwingine anayeweza kuiandika.

Kama kazi ni ya kikundi, gawaneni vigezo badala ya vipindi au nchi, la sivyo mtawasilisha insha nne. Kama unaandika kwa Kiingereza na hujiamini sana katika lugha hiyo, uepuke mpango wa pili, kwa sababu dhana ndizo zinazoadhibu lugha dhaifu kuliko masimulizi. Na kama umebaki na mipango miwili isiyotaka kuachana, andika aya ya kwanza ya kila mmoja kwa mkono, kisha tafuta katika kila aya sentensi yenye "kwa sababu" inayounganisha usawa na taifa. Aya isiyo na sentensi hiyo iweke kando, na uendelee na nyingine.